Zege Bichi la Bwana Mkwidu

Bwana Mkwidu, tajiri wa zege, alifika saitini mchana na lori lililokwama kwenye foleni tangu alfajiri.

"Mwageni! Limechanganywa sasa hivi," aliamuru. "Mkikataa, shemeji yangu mwenye hospitali atawafukuza wote."

Siwatu, msimamizi wa ujenzi wa wodi ya wazazi, alitabasamu. "Nani akukatalie, mzee? Karibu chai kwanza."

Mkwidu akanywa. Akaletewa chapati, kisha akasimuliwa harusi nzima ya binamu yake Siwatu. Jasho likamtoka, macho kwenye lori.

"Mwageni basi!"

"Zege bichi lina haraka gani, mzee? Ongeza sukari."

"Litanigandia ndani ya lori!" Mkwidu akaropoka, akamkimbilia dereva. "Washa! Tukalimwage jalalani!"

Siwatu alikuwa keshawafungulia geti.