Chungu cha Tabutany

Leo sileti sungura wala fisi. Naleta mabwana watatu, walowezi wa nyanda za juu za Kisuru, kila mmoja na kipaji chake. Bwana Loftus alijua kuchekesha. Bwana Pelham alijua kuhutubu. Bwana Crewe, hakimu, alijua kutoona.

Krismasi moja Loftus alivaa gunia la pareto kichwani, akalitoboa matundu ya macho, akawakimbiza wachungaji barabarani. Wenzake wa klabuni walicheka hadi wakamwaga vinywaji. Krismasi iliyofuata magunia yaliongezeka.

Pelham akayatazama magunia yale, akaona jeshi. Akahubiri kwamba Mungu ameipa ngozi nyeupe nchi hii, na mwenyeji asiyetaka kuhama anampinga Mungu. Yeye mwenyewe hakuvaa gunia wala hakushika kiberiti.

Wenye magunia wakachoma nyumba ya mwenyeji mmoja. Crewe akaandika: "Moto wa jikoni." Wakachoma nyingine, akaandika vilevile, ingawa huko watu walipika nje. Ya tatu iliungua na Arap Sigei, aliyekataa kuhama, akiwa ndani.

Uhuru ulipokuja, tume iliundwa kumtafuta mwanzilishi wa kikundi hicho. Ikaketi, ikanywa chai, ikahitimisha kwamba kikundi kilijianzisha chenyewe.

Tabutany, mjane wa Sigei, akageukia desturi ya kwao: mfiwa huvunja chungu hadharani na kutaja jina moja, moja tu. Laana humwandama aliyetajwa. Lakini kama siye aliyekuwa chanzo, laana hurudi kwa watoto wa mtajaji.

Mabwana wakaitwa. Wakaja, kuonyesha kwamba hawaogopi vyungu.

"Mama, ule ulikuwa mchezo," alisema Loftus. "Sikuchoma hata jani."

"Mimi nilisema tu," alisema Pelham. "Maneno hayawashi moto."

"Nami nilifika moto umeshazimika," alisema Crewe.

"Kumbe mume wangu alijichoma mwenyewe," Tabutany akajibu, "kama kikundi kilivyojianzisha."

Ndugu wa marehemu akamnong'oneza, "Shemeji, mtaje Pelham tumalize."

"Watoto ni wangu, shemeji. Si wako."

Akainua chungu. Bila gunia, wachomaji wasingepata pa kuficha nyuso. Bila mahubiri, wangebaki walevi wa Krismasi. Bila hakimu, wangekomea kwenye nyumba ya kwanza.

Chungu kiko juu, naye anafungua kinywa kutaja jina. Nyinyi mnaonisikiliza, semeni haraka: amtaje nani?