Nguo Ndani ya Maji Moto

Hapo zamani, na zamani ipi msiniulize, palikuwa na chemchemi ya maji moto huko Itulu. Haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa ya wenyeji na wapita njia, na amri zake zilijulikana. Nguo haiingii majini, maana huingia na uchafu wa kila ilikopita. Wanawake wakioga, mmoja wao huketi njiani kulinda na kutundika kaniki mtini. Na mwanamume akiiona kaniki hapiti, hata awe nani.

Basi, alikuwepo mama mmoja, Nyamizi. Magoti yake yalikuwa yamegoma, na bila yale maji hata jikoni hafiki. Siku hiyo alikwenda na shoga yake, Kalunde. Kalunde akatundika kaniki, akaketi njiani. Nyamizi akavua, akaingia. Raha iliyoje!

Baadaye akaita, "Kalunde!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Lo! Yeye mtupu kama alivyozaliwa, na njia haina mlinzi? Akatoka, akajifunga nguo, akarudi majini nayo, maana magoti yalikuwa bado yanataka moto. Nyie mnaocheka, mngefanyaje? Nguo ikalowa, ikamzonga miguuni, akateleza hadi penye kina.

"Nakufa!"

Aliyesikia ni Lugendo, mume wa binti yake. Balaa! Kwa desturi yao mtu na mama mkwe wake huepukana njiani, hata uso hawatazamani. Lugendo akaiona kaniki, akasimama. Akasikia tena, "Nakufa!" Akapita. Akamvuta mkwewe, nguo ikabaki majini, mama wa watu akatoka bila hata uzi. Lugendo akamfunika kwa shuka lake na kufumba macho, lakini alikuwa ameshaona.

Igogo, mtunza chemchemi, akawaita wote.

"Amri zimevunjwa. Mmoja wenu atafungiwa maji haya mpaka mavuno. Nani?"

"Si mimi," akasema Kalunde. "Mbuzi waliingia kwenye mtama wa watu, nikawakimbilia. Tena mbuzi wa nani? Wa Nyamizi huyu huyu!"

Lugendo alisema huku amempa mkwewe mgongo. "Si mimi. Kaniki niliipita, sikatai. Ningeiheshimu, leo mngekuwa matangani. Amri iliwekwa kumsitiri mama au kumzika?"

"Nami nilijisitiri tu," akasema Nyamizi. "Kosa langu liko wapi?"

"Liko majini, mama. Nguo yako bado imo humo," akajibu Igogo.

Igogo akakuna kichwa, akakuna tena. Mwisho akasema, "Nyamizi, wewe ndiye uliyeachwa, ukaokolewa, ukaonwa. Mtaje wewe."

Nyamizi akamtazama Kalunde, ambaye ndiye humshika mkono njia nzima. Akifungiwa yeye, nani atamfikisha majini? Akautazama mgongo wa Lugendo. Amwadhibu aliyemtoa kifoni? Akayapapasa magoti yake. Akijitaja mwenyewe, hatatembea tena mpaka mavuno. Ajabu, aibu ilikuwa imemtoka yote. Alichotaka sasa ni kujua tu mkosaji ni nani, maana kila aliyemfikiria alimwona ana kosa, na kila mwenye kosa alimwona ana haki.

Watu wakangoja. Nyamizi akafungua kinywa.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu, msitazamane. Mngekuwa yeye, mngemtaja nani?