Supu Aliyoivuka Bata

Aliyetukanwa na malenga hafi.

Mmenitumbulia macho! Namwambia Mwanaidi methali hiyo kwa sababu tangu jana, yule malenga wa taarabu alipoimba mbele ya harusi nzima kwamba pilau yake inatafunika kama changarawe, mtoto hajataka kuonekana na mtu. Haya, futa machozi usogee. Na nyie wengine acheni kusukumana. Methali hii ilianza hivi.

Uchina ya zamani, penye kivuko cha mto, palikuwa na migahawa miwili iliyotazamana. Mmoja wa Mama Qiao, mjane. Wa pili wa Bwana Shen, mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Desturi ya huko, mgeni ajuaye kutunga huandika shairi lake ukutani, na kumnyima wino ni aibu.

Siku moja akashuka malenga Ru Wenpo, aliyefukuzwa kazi ya serikali kwa sababu ya ulimi wake. Akaagiza supu ya bata kwa Mama Qiao. Kwa bahati mbaya, siku hiyo mama alikuwa amechemsha bata mmoja kwa mtaa mzima. Malenga akanywa, akaomba brashi, akaandika:

Bata wa Mama Qiao ni muungwana:
aliivuka supu, hakulowa hata unyoya.

Mtaa ukavunjika mbavu. Bwana Shen, kwa furaha, akamwita malenga kwake, akamlisha mpaka akashindwa kuinuka, naye akaandikiwa: "Chakula cha Bwana Shen ni kizuri." Basi. Tumbo likishiba, ulimi husinzia.

Mama Qiao akapaka ukuta chokaa, lakini wateja walishamhama. Kwa uchungu akaanza kutia mabata wazima chunguni, supu ikawa nzito hadi kijiko kinasimama. Wapi! Wanywaji wakawa inzi.

Miaka ikapita, malenga akafa, na mnavyowajua watu, alipokufa ndipo wakampenda. Beti zake zikaimbwa nchi nzima. Asubuhi moja liwali mpya akashuka kivukoni na msafara wake.

"Ukuta wa bata uko wapi?"

"Karibu kwangu, bwana mkubwa!" Bwana Shen akaruka. "Mimi ndiye niliyesifiwa!"

Liwali akasoma, akapiga mwayo, akavuka njia. "Mama, ni hapa?"

Mama Qiao akajua leo anafungiwa mgahawa. "Uzushi wa watu tu, bwana."

"Na chokaa hii?"

Liwali mwenyewe akashika kitambaa chenye maji, akasugua. Bata akatokea, na unyoya wake mkavu. Msafara ukashangilia. "Supu! Tuletee supu!"

Mama Qiao akapakua. Liwali akaonja, uso ukamshuka.

"Mama, mbona ina bata?"

"Wamo watatu, bwana."

"Watoe! Sisi tumekuja kunywa ile ya malenga."

Mama Qiao akakimbilia jikoni, akamimina ndoo nzima ya maji chunguni. Tangu siku hiyo watu walipanga foleni mpaka mtoni, wanakunywa maji ya moto na kulamba vidole. Bwana Shen akashinda kaburini kwa malenga akilia, "Mimi hukuniona? Hata tusi dogo?"

Unacheka sasa, Mwanaidi? Basi hao wanaobisha hodi nje wanauliza pilau ya changarawe inapikwa nyumba gani. Kawashe jiko, mwanangu. Aliyetukanwa na malenga hafi.