Paka Akinyamaza, Gusa Gunia

Paka akinyamaza, gusa gunia. Asubuhi mmemsikia Bi Rukia akimwambia hivyo jirani yake, ambaye mwanawe mlalamishi hajalalamika wiki nzima, nanyi mmecheka. Haya, chambueni hizo karafuu huku mkinisikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Kombo Shaame na mkewe Mize walikaa upande wa Wete. Kombo alikuwa seremala hodari, lakini mikarafuu aliipanda ukubwani na mambo yake hakuyajua. Miaka minane waliipalilia. Mwaka ilipozaa mara ya kwanza, Mize aliapa kwamba kwa mavuno hayo wataezua makuti na kuezeka mabati, maana kila masika walilala na sufuria tatu kitandani zikikinga matone.

Walikuwa na paka dume, Shume. Mchana alilala kama aliyeajiriwa kulala. Usiku alitembea juu ya kifua cha Kombo, akakwaruza chandalua, akalia mpaka afunguliwe mlango. Akishafunguliwa hakutoka. Alilitazama giza, akarudi kitandani, akaanza upya. Kila asubuhi Kombo aliapa kumgawa, na kila jioni Mize alimtupia kichwa cha dagaa. Mimi ningemgawa siku ya kwanza.

Basi walichuma siku mbili, wakazichambua karafuu kwenye vijiti vyake, makonyo, mpaka vidole vikawa vyeusi. Siku ya tatu mvua ikaanza. Majirani walizitandaza karafuu zao ndani, tabaka jembamba, wakawa wanaziruka kwenda chooni. Kombo akasema hiyo ni kazi ya watu wasiojua kufunga mzigo. Alizishindilia katika magunia manne, akashona midomo, akayapanga ukumbini juu ya mbao. Kweli, hata tone moja halikuzifikia, na alijisifu sana.

Usiku wa pili wa mvua hiyo, Shume hakuja kitandani. Kombo alikoroma kwa raha. Mize alikuwa macho.

“Bwana, amka. Mbona kimya?”

“Mize! Mwaka mzima tunalia na kelele, leo unalia na kimya?”

“Huyu paka hajapata kutuacha usiku hata mmoja.”

“Basi mshukuru Mungu ulale.”

Mize hakulala. Aliwasha kandili akamtafuta jikoni, akamtafuta uvunguni. Alimkuta ukumbini, juu ya gunia moja la kati, amejinyoosha miguu minne huku na huku. Alipomnyanyua, tumbo la paka lilikuwa la moto. Akadhani ana homa. Kisha akaweka kiganja pale alipokuwa amelala, akakiondoa upesi.

“Kombo! Njoo uguse gunia!”

Kombo aligusa. Alikata uzi kwa kisu cha kazi, na mvuke ukampiga usoni pamoja na harufu ya uchachu. Karafuu mbichi zikirundikwa hupashana joto zenyewe, mwisho zikavunda, na iliyovunda haina mnunuzi. Kombo akakaa sakafuni.

“Miaka minane,” alisema. “Nimezipika kwa mkono wangu.”

“Hazijaiva bado. Inuka, bwana, utalia kesho.”

Walimwaga magunia yote. Walitandaza majamvi ukumbini, chumbani, jikoni, na majamvi yalipokwisha wakatandaza juu ya kitanda chenyewe. Hawakupata pa kuweka ubavu. Walisimama mpaka alfajiri wakizigeuza kwa mikono, na Mize akawa anamcheka mumewe ili asikate tamaa. Zilizoharibika zilikuwa za moyo wa gunia lile la kati, kiasi cha pishi tatu. Jua lilitoka Ijumaa. Zilizobaki zilikauka vizuri, zikawa nyekundu-nyeusi, na masika yaliyofuata wawili hao walilala chini ya bati, kitandani hamna sufuria.

Magunia yalipoondoka, Shume alirudi kifuani mwa Kombo na kelele zake zote. Jirani aliyezisikia akamwambia, “Kombo, paka huyu atakuua kwa kukosa usingizi, mtupe.”

“Mwache alie,” Kombo akajibu. “Akilia, najua mambo ni salama. Siku nitakayolala vizuri ndiyo nitakayoamka mbio.”

Nanyi mtakapokuwa na nyumba zenu, mwenye kukusumbua kila siku akikuacha ghafla ukapumua, usiseme alhamdulillahi ukajigeuza upande wa pili. Inuka ukamtafute. Paka akinyamaza, gusa gunia.