Konzi Tatu za Kalunde

Paukwa.
— Pakawa.
Paukwa shina.
— Pakawa jani.
Jani lina nini?
— Lina mlango.
Na mlango una nini?
— Una mwenyewe.
Basi tubisheni hodi taratibu, mwenyewe asije akashtuka.

Hapo zamani za kale, mimea ilipokuwa haijachoka kusema na watu, palikuwa na bonde kando ya ziwa la magadi. Ukingo wa ziwa ulikuwa mweupe kama unga uliomwagika, na hewa ya mchana ilicheza juu yake hata milima ikaonekana kama inaelea.

Bondeni humo aliishi mwanamke jina lake Kalunde, naye alipenda vipimo. Alijua hatua za kutoka mlangoni pake hadi chemchemini. Alijua mbegu ngapi zimeingia katika kila shimo. Alijua hata idadi ya miayo ambayo wifi yake, Nyanzobe, aliyeishi ng'ambo ya ua, huipiga kabla ya kushika jembe.

“Wifi,” Nyanzobe humwambia, “wewe siku ukifa utaamka kulipima kaburi.”

Mwaka huo Kalunde alikuwa na kibuyu kimoja tu cha mbegu. Zilikuwa za mtama mwekundu alioachiwa na mama yake, na mama aliachiwa na mama yake. Bondeni hapakuwa na mwingine mwenye mtama ule. Ukitoweka kwake, umetoweka duniani. Aliupanda wote, mistari thelathini, akajenga dungu katikati ya shamba ili akae juu na kufukuza ndege.

Mtama ukaota, ukapanda, ukafika magotini. Mchana mmoja jua likiwa utosini, Kalunde akasinzia dunguni. Usingizini akasikia sauti nyembamba, kama jani linalojisugua kwa jani:

“Kalunde, Kalunde, mwenye vipimo,
mdudu amenila moyo.
Nipe konzi ya majivu.”

Akaamka, akashuka, akachungulia mashina. Kweli, viwavi walikuwamo. Akaenda jikoni akachota majivu, akatia konzi moja katika kila shina. Baada ya siku tatu nusu ya viwavi walikuwa wamekwisha.

Kalunde akakaa akapiga hesabu. Ikiwa konzi moja imeua nusu, konzi ya pili itaua nusu iliyobaki, na ya tatu itawangoja wale ambao hawajazaliwa. Hesabu ilikuwa nzuri, imenyooka kama mstari wa shamba. Lakini majivu ya jikoni yalikuwa yamekwisha. Akatazama ziwani akauona ule weupe, naye akasema moyoni kwamba unga ni unga. Akachota magadi, akajazia. Konzi ya pili, konzi ya tatu, kila shina.

Siku ya kwanza ncha za majani zikawa kahawia. Siku ya pili majani yakajikunja kama mikeka. Siku ya tatu shamba zima likawa na rangi ya vumbi. Ardhi ilikuwa na unyevu, lakini mtama ulikauka kama uliopandwa juu ya jiwe.

Nyanzobe akaja, akasimama kwenye mpaka. Hakucheka. Alimwambia wifi yake kwamba mtama umekufa, na mvua haijaisha. Afadhali aung'oe apande kunde, walau apate cha kutia chunguni.

Kalunde akang'oa. Mstari wa kwanza, mstari wa pili, mstari wa tatu, hata ikatimia kumi. Kila shina lilimganda mkononi kama mtu asiyetaka kuagwa. Jua lilipofika utosini alipanda dunguni, na usingizi ukamchukua.

“Kalunde, Kalunde, mwenye vipimo,
mbona unamzika aliye hai?”

“Nazika kilichokufa,” akajibu usingizini. “Majani yako yamejikunja.”

“Nimefunga milango. Jua linaniita nitoke, nami sina maji ya kutokea. Anayefunga mlango hajahama.”

“Maji yapo miguuni pako.”

“Yapo, lakini chumvi imeyashika mkono, hayaji. Niliyoinywa nimeirundika katika majani ya chini, yale mazee, ili machanga yaishi.”

“Nilikupa ulichoomba.”

“Niliomba konzi ya kiganjani,” mtama ukasema. “Wewe ukanipa konzi za utosini.”

Kalunde akaamka kichwa kikimgonga kama aliyepigwa kweli. Akashuka, akachukua udongo kidogo, akauweka ulimini. Ulikuwa mchungu. Akavunja shina moja katika yale aliyong'oa: ndani, chini kabisa, palikuwa na ubichi. Akakaa kitako kati ya mistari yake kumi.

Kisha akahesabu. Maji kidogo kidogo yangeichezea chumvi tu. Yalitakiwa mengi, yaishushe chini mizizi isikofika. Mitungi saba kwa mstari. Mistari ishirini iliyobaki. Mitungi mia na arobaini. Naye kwa siku moja aliweza kwenda chemchemini mara kumi. Siku kumi na nne, na mtama haukuwa na siku kumi na nne.

Akaanza hivyo hivyo. Majani mazee yaliyoanguka akayaokota, akayatupa mbali na shamba pamoja na chumvi yake. Siku ya kwanza mitungi kumi. Siku ya pili mitungi kumi.

“Wifi, unanywesha maiti,” Nyanzobe akamwambia.

“Amefunga mlango tu, wifi.”

Siku ya tatu Nyanzobe alipiga miayo mitatu, akatoka na mtungi wake kichwani. Mitungi ishirini kwa siku. Hivyo ile mia na ishirini iliyobaki ikawachukua siku sita.

Walipomwaga mtungi wa mwisho wote wawili walipanda dunguni wakalala. Na usingizini Kalunde hakusikia maneno. Alisikia milango midogo, maelfu kwa maelfu, ikifunguliwa mmoja mmoja. Twa, twa, twa. Na pumzi baridi ikapita shambani. Alipofumbua macho, majani yalikuwa yamekunjuka.

Mtama haukurefuka tena. Ulifanya haraka kuzaa, kama msafiri anayefunga mzigo kabla ya jua kuchwa, na masuke yake yalikuwa mafupi. Ile mistari kumi haikurudi. Kalunde alipura, akapima: kibuyu kimoja cha mbegu, na vibaba vitatu vya uji. Uji wakanywa na wifi yake.

Msimu uliofuata, mbegu zile zilipoota, zilijua kufunga milango jua lilipokuwa bado mlimani.

Tangu siku hiyo, mtu wa bonde lile kabla hajachota majivu ya kutia shambani hukunja ngumi na kujigonga utosini mara moja, akumbuke konzi ni za aina mbili.

Dawa ni kipimo; ikizidi kipimo ni ugonjwa. Na aliyenyamaza usimwandalie sanda, huenda amefunga mlango tu.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Mimi natoka, ninyi fungeni. Na aliyesinzia wakati wanawake wawili wakiteka mitungi mia na arobaini, asogee hapa nimpe konzi moja. Si ya majivu.