Msemaji wa Watu na Mahafali ya Mwanawe

Inasimuliwa kwamba fisi alinusa harufu ya nyama akiwa penye njia panda, asijue inatoka upande gani. Kwa kuwa hakutaka kuikosa ya kulia wala ya kushoto, aliweka miguu ya huku kwenye njia moja na ya kule kwenye nyingine, akaenda hivyo hivyo mpaka akapasuka msamba. Watu huicheka habari hiyo wakidhani inamhusu mnyama. Waliomtunga fisi huyo hawakupata kumjua Reginaldi wa Okolona, mjini Louisville, wala hawakukaa garini mwake kama mkewe Delfina alivyokaa, akimeza hasira kama amezaye vidonge bila maji.

Delfina alikulia kambini Kibondo, ambako mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne bila kibali. Alipoletwa Amerika aliambiwa yuko huru kwenda atakako, lakini miaka tisa ilipita akijua barabara mbili tu: ya kanisani, na ya ghalani anakoendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Mwenzake wa kazini, mama wa Kihindi kutoka kusini mwa nchi yao, alizoea kumwonyesha kwenye simu safari ya familia yake. Baba, mama, bibi na watoto walijazana garini wakipita kati ya vilima vya mashamba ya chai, wakisimama kila penye maporomoko ya maji, wakila wali juu ya majani ya mgomba. Delfina alipoiona ile migomba alijiapiza kwamba naye siku moja ataipakia familia yake garini, waione nchi hii waliyopewa, wasiijue kwa maghala yake peke yake.

Siku hiyo ilikuja Mei. Kifungua mimba wao, Immaculée, alikuwa anahitimu uuguzi katika chuo kikuu kilichoko Amherst, nje kidogo ya mji wa Buffalo. Kwa miaka minne aliishi kwa mama yake mdogo, Fides, katika nyumba ya mbao ya mtaa wa West Side, akihudumia wazee kwa ujira usiku na kusoma mchana. Katika ukoo mzima, upande wa baba na wa mama, hapakuwa na mtu aliyewahi kuvaa joho. Mahafali yalipangwa Jumamosi saa kumi alasiri. Walikubaliana waondoke Ijumaa asubuhi, wafuate njia za mashambani polepole, walale kwa Fides, na Jumamosi asubuhi wakayaone maporomoko ya Niagara. Reginaldi alikubali yote kwa upole ambao ungepaswa kumtia mkewe shaka.

Kwani Reginaldi alikuwa mtu wa watu. Alikuwa na ulimi wa asali. Hakuna posa iliyopelekwa kutoka Louisville bila yeye kuitwa awe msemaji wa upande wa mume. Angeweza kuwaomba wakwe binti kwa mafumbo nusu saa nzima, mpaka wazee wakafuta machozi. Sifa hizo zilimlevya. Neno "hapana" lilimshinda kulitamka mbele za watu, akalihifadhi kwa matumizi ya nyumbani.

Ijumaa ilikuwa njema mno. Walivuka Mto Ohio wakaingia Indiana, wakaiacha barabara kuu, wakaufuata mto. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza, mistari yake imenyooka mpaka miguuni mwa vilima. Ng'ombe weusi walisimama majini hadi magotini. Matishari yaliyojaa makaa yalipita taratibu kiasi kwamba Zenoni, mtoto wao wa miaka tisa, aliweza kuyahesabu moja moja. Hata Angelika, ambaye tangu afikishe miaka kumi na minne huwa hainui macho kutoka kwenye simu, aliinua macho na kumuuliza mama yake kwa Kiingereza kama huko Burundi nako kuna vilima vya namna hiyo. Delfina alisema viko, tena vingi zaidi, ingawa yeye mwenyewe aliviacha akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikuwa na furaha ambayo hakukumbuka kuwa nayo tangu harusi yake.

Walisimama juu ya kilima kimoja kilichoutazama mto, wakatandika kitenge, wakatoa chapati na mayai ya kuchemsha. Reginaldi alimenya yai lake kwa uangalifu mwingi.

"Mama Immaculée," akasema, "leo tutalala Columbus."

"Columbus kuna nini?"

"Jean Bosco, yule kijana wa kwaya, anaposa kesho kwa Mzee Balagizi, wale Wakongomani. Nimeombwa niwe msemaji."

Delfina aliweka chini chapati. "Umeombwa lini?"

"Kama wiki tatu hivi."

Wiki tatu. Wiki tatu mtu huyu alilala naye kitanda kimoja, akala ugali wake, akamsikia akimsimulia dada yake kwenye simu juu ya Niagara, na akanyamaza. Ile suti aliyoikunja vizuri na kuilaza juu ya mizigo, Delfina alidhani ni ya mahafali. Alikuwa ameipiga pasi kwa mikono yake.

"Tulia unisikilize," Reginaldi akasema. "Posa ni saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu nimemaliza. Kutoka pale hadi Amherst ni mwendo wa saa tano. Saa tisa na nusu tuko mlangoni."

"Reginaldi, tangu uzaliwe, umeona posa yetu gani iliyoanza saa iliyotajwa?"

"Nimewasisitizia waheshimu muda."

"Umewaambia una mtoto anayehitimu siku hiyo hiyo?"

Reginaldi alilitazama yai. Hakuwa amewaambia. Wala hakuwa amemwambia Immaculée kwamba atapitia kwenye posa. Kila upande aliuahidi kana kwamba ndio peke yake, ili kila upande umshukuru. Delfina alikunja kitenge watoto wakiwa bado wanatafuna. Vilima viliendelea kupita dirishani mpaka jioni, lakini hakuviona tena.

Jumamosi saa tatu kamili walikuwa nyumbani kwa Balagizi. Hema jeupe lilikuwa limefungwa uani na viti vimepangwa, lakini jikoni akina mama ndio kwanza walikuwa wanamenya ndizi. Delfina alipewa kisu, akaketi kumenya nao, akitazama saa ya jikoni. Ilisema saa nne. Ikasema saa nne na robo. Alipouliza kulikoni, mama mwenye nyumba, Nzigire, alimjibu kwa utulivu kabisa, kwa Kiswahili cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa.

"Tunangoya baba mukubwa wa mutoto, Nshombo. Anatoka Michigan. Bon, bila yeye hatuwezi kuanza, juu ni yeye anapokea posa."

"Amefika wapi?"

"Ametoka asubuhi. Iko njiani."

Delfina alinawa mikono, akatoka uani. Reginaldi alikuwa ameketi mstari wa mbele ndani ya suti, akiwachekesha wazee. Aliinama sikioni mwake.

"Twende."

"Dakika thelathini tu."

"Nshombo hajauvuka hata mji wa Toledo. Nipe funguo."

"Mama Immaculée, usiniaibishe mbele za watu."

Aibu ya nani? Mtoto wake angevuka jukwaa leo mbele ya maelfu ya watu, wazazi wa wenzake wakisimama na kupiga vigelegele, naye angetazama viti vinne vitupu. Kwa Reginaldi hiyo haikuwa aibu. Aibu ilikuwa msemaji kuondoka kabla ya ndizi kuiva. Delfina alisimama wima, akanyoosha kiganja mbele ya uso wa mumewe, na hakukirudisha. Wazee wa mstari mzima waligeuka kumtazama.

Mzee Balagizi aliuliza, "Mama, donc kuko nini?"

"Mzee, unisamehe," Delfina akasema. "Binti yangu anahitimu leo saa kumi, huko Buffalo. Ni safari ya saa tano na hana mtu wa kumshangilia."

Mzee alimgeukia Reginaldi kwa mshangao wa kweli. "Na wewe hukutuambia? Tungetafuta musemaji mwingine. Mutoto ni mutoto. Muende wote, hatutakasirika."

Mlango ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na mwenye nyumba. Baba mwingine angeinuka na kushukuru. Lakini Jean Bosco alikuwa akimtazama Reginaldi kwa macho ya kuomba, wazee wakimtazama kwa heshima, na heshima hiyo Reginaldi hakuweza kuitema. Alimpa mkewe funguo.

"Tangulieni," akasema. "Nikimaliza, Ngarambe, rafiki yake Jean Bosco, ataniendesha kwa gari lake. Nitawahi."

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Delfina aliwafunga watoto mikanda na kuishika barabara kuu. Hakukuwa na njia za mashambani sasa, wala kitu cha kutazama isipokuwa migongo ya malori. Alikuwa karibu na Cleveland, saa saba, Angelika alipomwekea simu kwenye kipaza sauti.

"Baba mkubwa amefika," Reginaldi alinong'ona. "Ndiyo tunaanza. Nitafupisha, nakuja nyuma yenu."

"Kutoka hapo ni saa tano. Hesabu."

"Nitawahi hata mwisho."

"Nisikilize," Delfina akasema, na ajabu ni kwamba sauti yake ilikuwa imetulia. "Huku umeshachelewa. Baki hapo ukamalize kazi ya watu vizuri. Usimharibie yule kijana naye."

"Nitawahi," Reginaldi akarudia, akakata simu.

Waliegesha Amherst saa kumi na dakika ishirini. Delfina aliwashika watoto mikono, wakakimbia, viatu vyake vya kisigino amevibana kwapani. Fides aliwapokea mlangoni na kuwaongoza kwenye viti vyao. Majina yalikuwa yameanza kusomwa. Waliposikia "Immaculée Kabanyana," Delfina alipiga kigelegele kikali hata watu wa mbele wakageuka. Msichana aliinua uso kutoka jukwaani, akawatafuta, akawaona. Kwanza akacheka. Kisha macho yake yakahesabu, yakafika kwenye kiti cha nne kilichowekewa mkoba, yakabaki hapo mpaka mtu wa nyuma akamgusa bega ili asogee.

Baada ya sherehe familia zilitapakaa kwenye nyasi zikipiga picha. Baba mmoja alikuwa amemwinua binti yake juu, joho na yote. Immaculée aliwatazama, kisha akarekebisha kofia yake.

"Baba anaumwa?" aliuliza.

Delfina angeweza kumstiri mumewe. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa amemstiri. "Haumwi," akasema. "Alikwenda kumsemea mtoto wa watu."

Simu ikalia. Alikuwa Reginaldi, na nyuma yake kulisikika mngurumo wa malori. Delfina aliweka kipaza sauti bila kumwuliza mtu.

"Mama Immaculée, nimekwama. Niko kituo cha mafuta, kabla ya Erie."

Habari ilimtoka vipande vipande. Hotuba ambayo humchukua nusu saa aliitoa kwa dakika kumi, jicho likiwa kwenye saa ya mkononi. Alisahau kuwasalimu wajomba. Nshombo alipoondoka na wazee wake kwenda faraghani kushauriana, Reginaldi hakungoja jibu. Aliinuka na kumfuata Ngarambe garini. Na kwa desturi za watu wale, kama zilivyo za Warundi, msemaji anayeondoka kabla ya kupewa jibu amewaambia wenye binti kwamba binti yao hatakiwi tena. Nshombo aliporudi na kukuta kiti kitupu, aliurudishia upande wa Jean Bosco zawadi zao zote mpaka kreti za soda.

"Sasa Ngarambe amepigiwa simu," Reginaldi akaendelea. "Anasema Nshombo ataondoka Columbus usiku huu, na kama sitakwenda kumpigia magoti kabla hajaondoka, posa imekufa. Ngarambe anageuza gari. Anasema nirudi naye, au niteremke hapa nitafute namna ya kufika huko kwenu. Bado ni mwendo wa saa moja na nusu. Mwambie Immaculée avae joho lake nimkute nalo. Au nirudi? Nifanyeje? Jean Bosco analia."

Delfina alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya siku mbili, na ya miaka mingi, yamejipanga. Lakini Immaculée alinyoosha mkono akachukua simu.

"Baba," akasema, "rudi Columbus ukamwombee Jean Bosco msamaha. Huku kumekwisha."

"Mwanangu, naweza kufika."

"Huku kumekwisha, baba."

Alimrudishia mama yake simu, akavua joho, akalikunja mara nne na kumpa Zenoni alibebe. Upande wa pili Reginaldi alikuwa bado anaongea, akisema anakwenda Columbus, kisha akisema hapana, anakuja Buffalo, huku honi ya Ngarambe ikimwita. Mwishowe honi ile ikanyamaza na gari likasikika likiondoka. Msemaji wa watu alibaki peke yake kando ya barabara, ndani ya suti iliyopigwa pasi na mkewe, asiwe na posa wala mahafali.

"Baba atafika saa ngapi?" Zenoni akauliza.

Delfina alikata simu. "Hafiki popote leo, mwanangu," akasema. "Njia mbili zilimshinda fisi."