Udhu wa Kutwa wa Bi Atika

Weka mkono kifuani useme wallahi hutalitoa nje, ndipo nikuhadithie, maana habari za mama wa watu hazitembezwi ovyo. Umeshaapa? Haya, sogea. Na wewe uliye mlangoni ingia, na huyo jirani yako mwite asije akanuna kwamba amefichwa, na mwambie aje na dada yake.

Wamepokezana waliotutangulia, mmoja kwa mwenziwe, kwamba katika mji wa Basra, zamani za waja wema, alikuwapo mjane akiitwa Lubaba binti Harithi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kusokota uzi wa pamba, na uzi wake ndio uliofumwa sanda. Kwa ajili hiyo alirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, ada moja ambayo hakuiacha katika uzima wala ugonjwa: hakushika pamba ila ana udhu. Akisema, "Nguo hii mtu ataingia nayo kaburini. Na ishikwe kwanza na mkono uliotawadha."

Mumewe alipofariki, shemeji zake waliitaka nyumba yao, naye akatoka. Alizunguka mtaa kwa mtaa. Wenye nyumba wakimtazama juu mpaka chini, wakimwuliza yuko wapi mwanamume wa kumsemea, na alipojibu kwamba msemaji wake ni Mola wake, wakakumbuka ghafla kwamba chumba kimeshapata mtu. Mwisho akampata Numairi, mwuza tende, mtu mcha Mungu lakini mkavu kama kuti, akampa chumba cha juu.

Sasa nyumba za huko si kama unavyodhani. Ghorofani hulazwa magogo ya mitende, juu yake mikeka, juu ya mikeka udongo unaopondwa mpaka ukakauka ukawa sakafu. Sakafu ile hubeba watu, na vitanda vyao, na magomvi yao yote, ila maji haiyataki. Mwaka uliotangulia nyumba ya pili yake ilikuwa imeporomoka, kisa mtu kafua juu, na mwenye kulala chini akatolewa kwenye kifusi mguu umevunjika. Numairi alikuwa miongoni mwa waliomfukua. Tangu siku hiyo akawa na sharti, na kila mpangaji akimsomea kwa sauti ya mtu aliyesimama juu ya mimbari:

"Hapana kufua juu, hapana kuoga juu, hapana kutawadha juu. Maji ya kunywa tu, ndani ya gudulia. Unyevu ukionekana darini, aliyemwaga maji atahama."

Lubaba akauliza, "Na udhu wangu, bwana?"

"Kisima kiko uani. Ngazi hizo unaziona."

Akaenda kwa imamu wa msikiti wa mtaa, akamwuliza kama mtu wa hali yake anaruhusiwa kutayamamu kwa mchanga. Imamu akatabasamu. "Binti yangu, maji yakiwapo na mwili mzima, tayamamu haipo. Na Waislamu hushikamana na masharti waliyowekeana. Ama usikubali, au ukikubali utimize."

Akakubali, akatimiza. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili, nyembamba, zenye giza. Alizishuka kwa kila sala, na kila udhu ulipomtoka naye ana pamba mapajani, hata siku nyingine mara kumi. Jirani wa ng'ambo, Khaula msuka mikeka, ambaye mlango wake ulitazamana na ua ule na macho yake hayakuwa na kazi nyingine, alimhesabia.

"Mara ya saba hiyo! Shoga, unajiua. Chukua bakuli, jifungie, tawadha kimya kimya. Nani atakuona?"

Lubaba akamjibu, "Yule yule ninayemtawadhia."

Khaula akaguna, akarudi kwenye mkeka wake.

Huko juu vyumba vilikuwa viwili, vimetengwa kwa ukuta wa matete yaliyokandikwa. Kimoja cha Lubaba, na cha pili cha Bi Atika, mama yake Numairi, bibi wa miaka themanini. Na Bi Atika alikuwa na sifa mtaa mzima. Kila alfajiri mwanawe akimshika mkono, akamteremsha pole pole mpaka kisimani, akatawadha, akampandisha. Ikifika adhuhuri, Numairi huacha tende zake akapiga mbio mpaka chini ya ngazi, akapaza sauti yake yote: "Mama, nije nikuteremshe?" Na sauti hujibu kutoka juu: "Udhu wangu upo, mwanangu!" Alasiri, upo. Magharibi, upo. Isha, bado upo. Khaula alipolisikia hilo, halikulala kwake. Likatembea sokoni, likatembea mtoni kwa wafua nguo, mpaka wanawake wakawa wanakuja kuomba dua kwa bibi mwenye udhu wa kutwa. Themanini miaka, udhu mmoja toka alfajiri mpaka isha! Na mwanawe akaamini. Mwana akimpenda mama yake, huamini hata tumbo lake.

Siku moja baada ya adhana ya alasiri, Lubaba amerudi kutoka kisimani, akasikia upande wa pili wa matete mtu anasukutua. Akadhani masikio yamemdanganya. Mara akaona mstari wa maji unapita chini ya ukuta, unakuja zake kwenye mkeka wake bila haya. Akainuka, akabisha hodi, akaingia. Bi Atika alikuwa chini, amepiga magoti kwa taabu, anapangusa sakafu kwa ushungi wake mwenyewe, gudulia la maji ya kunywa liko tupu ubavuni.

Wakatazamana.

"Funga mlango," akasema Bi Atika.

Lubaba akafunga.

"Mwanangu, kila ngazi moja ni kisu gotini. Mara moja kwa siku navumilia. Mara tano, hapana. Nikimwambia Numairi, ataacha biashara aje anibebe mgongoni, na mimi sikuzaa mwana awe punda wangu. Nikamwambia udhu upo, nimtulize tu siku ile. Kesho yake nikasikia mimi ni walii." Akapangusa tena. "Na walii atateremka vipi sasa, na watu wamekaa barazani kumtazama?"

"Mimi nitakubeba, mama."

Bi Atika akamwangalia mabega yale membamba, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe na mimi? Chini tutafika kabla ya adhana, lakini tutafika tukibingirika. Niapie tu hutasema."

Lubaba akaona machozi yamechanganyika na kile kicheko, moyo wake ukalainika, akaapa. Hakufikiri mbele. Toka siku hiyo alipanda na nguo kuukuu, kila baada ya adhana akaingia kukausha sakafu ya bibi kwa mikono yake, akimsihi amwambie mwanawe ukweli. Bibi akisema, "Kesho, inshallah."

Lakini udongo ukishakunywa hautapiki, na ule ulikuwa umekunywa kitambo. Haikupita wiki mbili, dari ya ukumbi wa Numairi, iliyokuwa chini ya vyumba vile viwili, ikatoa doa. Doa likawa sinia. Numairi akaliona siku ya Jumanne, na uso wake ukawa ule wa siku ya kufukua kifusi.

Akamwita Lubaba uani.

"Umemwaga maji juu?"

"Sikumwaga."

"Utaapa?"

"Wallahi, tone langu halikugusa sakafu yako."

"Basi nani? Juu mko wawili. Mama yangu ana udhu wa kutwa, mtaa mzima ni shahidi. Kabaki nani?"

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Neno moja lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake, la kweli, wala si la uzushi, na neno lile lilikuwa chumba chake, na pamba yake, na heshima yake. Akiondoka pale, njia ilikuwa moja tu, kurudi kwa shemeji zake akalale karibu na meko kama mtumwa wao. Tena ataondoka na jina la mvunja sharti, yeye aliyezishuka ngazi zile mpaka nyayo zikaota sugu. Akamwomba Mola wake kimoyomoyo: nisiseme uongo, na nisivunje kiapo, na nisimfedheheshe mtu mzima mbele ya mwanawe.

Akasema, "Mimi siye. Zaidi ya hilo sina ruhusa ya kusema."

"Sina ruhusa! Maneno gani hayo? Alhamisi adhuhuri utahama."

Khaula alimkuta anafunga pamba. "Wewe unajua kitu," akasema, macho yamemtoka. "Unajua! Nitajie mimi tu, siri yangu ni kaburi."

"Kaburi lako lina madirisha, dada," akasema Lubaba, akaendelea kufunga. Wala Bi Atika hakumwambia. Masikio ya bibi yalikuwa mazito, na yaliyosemwa uani hayakumfikia. Siku zile mbili Lubaba aliingia na nguo yake kuukuu kama kawaida, akakausha, akatoka.

Alhamisi Numairi akawakusanya majirani ukumbini pamoja na imamu, kwa kuwa hakutaka isemwe amemdhulumu mjane. Lubaba akasimama katikati yao, furushi begani. Watu walikuwa wengi kuliko walioalikwa, na Khaula alikuwa mbele.

"Ndugu zangu," akaanza Numairi, "mnajua niliyoyaona katika kifusi mwaka jana. Sharti hili sikuliweka kwa ukatili. Mama huyu alilisikia, akalikubali..."

Adhana ya adhuhuri ikalia, akanyamaza, wakaitikia wote. Ilipokwisha akaendelea, "Akalikubali kwa ulimi wake. Nami nasema mbele yenu kwamba aliyemwaga maji juu ya dari hii..."

Tone likaanguka kwenye kilemba chake.

Akapangusa. Likaanguka la pili, likamteremkia puani. Watu wakatazama dari, kisha wakamtazama Lubaba, aliyesimama mbele yao na furushi lake, mkavu kama walivyokuwa wao. Kisha kibonge cha udongo kikamong'onyoka, kikatua mbele ya miguu ya imamu, pwa!

Hakuna aliyesema twendeni. Walijikuta tu kwenye ngazi, na wa kwanza alikuwa Khaula, ambaye tangu Ijumaa iliyopita alilalamika kiuno hakimnyanyui. Lubaba akawakimbilia, "Bisheni hodi! Tafadhalini, bisheni hodi kwanza!" Hakuna aliyebisha. Mlango ukasukumwa.

Bi Atika alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya kidimbwi, nguo imekunjwa mpaka gotini, gudulia mkononi limeinama, na mguu wa kulia unameremeta kwa maji. Mlango ulijaa vichwa, na nyuma ya vichwa ngazi ilijaa watu. Hakuyasikia makelele, ila aliona kivuli, akainua macho.

"Mama!" akasema Numairi.

Bibi akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama imamu. Kisha akainyosha shingo yake kama malkia.

"Ngojeni," akasema. "Nimebakisha mguu mmoja."

Akaosha wa kushoto, mpaka vifundoni, baina ya vidole, bila haraka, akaleta shahada, akalitua gudulia. Walii wa Basra alikuwa amekamatwa, miguu yake ikichuruzika, mbele ya mtaa uliokuwa ukimwomba dua. Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa imamu, naye alijificha katika ndevu.

"Tangu lini, mama?" Sauti ya Numairi ilikuwa ndogo.

"Tangu sharti, mwanangu. Ulilisoma vizuri sana. Magoti yangu hukuyauliza." Kisha jicho lake likaangukia furushi. "Na Lubaba anakwenda wapi?"

Watu wakatazama chini. Furushi lile likamwambia.

"Ulijua kwamba unafukuzwa kwa ajili yangu," akasema bibi polepole, "na ukaja kunikaushia sakafu?"

"Nilikuapia, mama."

Bi Atika akalia, na safari hii hakukuwa na kicheko ndani yake. Akanyosha mikono yake mibichi, akamvuta Lubaba kifuani. Naye Numairi, mwenye sharti, akainama mbele ya watu wote, akalichukua furushi la mpangaji wake, akalipeleka mwenyewe chumbani mwake na kulitua penye mkeka wake. Alipotoka alimwuliza imamu, mfereji wa udongo uliochomwa wa kuteremshia maji ya udhu, ukipitishwa ukutani toka huku juu mpaka uani, utahitaji mafundi wangapi.

Basi, ndugu zangu katika imani, mwenye nyumba ana haki ya sharti lake, na anayelikubali alitimize kama Lubaba, hata ngazi zikiwa ndefu. Lakini wewe unayeweka sharti, kabla hujamsomea mgeni, kaa kwanza na mzee wa nyumbani kwako umwulize kama ataliweza. Na sisi wenye ndimi ndefu tuwaache waja wa Mungu wawe watu, tusiwapandishe uwalii wasioweza kuteremka nao. Mwenyezi Mungu atustiri kama Lubaba alivyomstiri mwenziwe. Amina.